Mkia Unapotaka Kupita Kichwa: Historia ya Magari Yaliyoteleza Nyuma na Watu Waliojifunza Kuyarudisha

Na mwandishi wetu, Bukavu

Nilipokuwa ningali mtoto, jirani yetu alikuwa na Volkswagen Coccinelle, ile motokari ya mgongo wa mviringo ambayo wazee wote wa hapa wanaikumbuka. Siku aliyotaka kushuka Ngomo kwenda Uvira alikuwa na kazi moja asiyoisahau kamwe. Alifungua sanduku la mbele, akaweka mfuko wa mchanga, akaufunga kwa kamba. Sisi watoto tulimcheka. Mtu anabeba mchanga kwenda Uvira, mahali ambapo ziwa lenyewe limejaa mchanga? Yeye alijibu kwa utulivu: « Gari hili lina kichwa chepesi na matako mazito. Nikilisahau hilo, litanipeleka bondeni likitanguliza matako. »

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba mainjinia wa kiwanda kikubwa kule Stuttgart, Ujerumani, walifanya jambo lile lile la jirani yetu. Wao hawakutumia mchanga, walitumia chuma, na walikificha ndani ya bampa ili mnunuzi asikione. Hapo niliacha kucheka. Wapenzi wasomaji, leo nataka kuwasimulia historia hiyo: magari ya michezo ambayo mkia wake ulipenda kupita kichwa, madereva wasiolipwa waliyoyapeleka mashindanoni siku za Jumapili, na namna watu walivyojifunza, kwa mikono, kwa spana na kwa sheria, kuuzuia mkia huo. Ni historia ya mbali, lakini mwisho wake unafika mpaka kwenye mapine ya teksi unayoipanda asubuhi.

Mkia hutoka namna gani

Gari likiingia kwenye kona, magurudumu manne yanagawana kazi ya kulishikilia barabarani. Ya mbele yakichoka kwanza, gari linakataa kukunja, linaendelea kwenda moja kwa moja. Ya nyuma yakichoka kwanza, mkia unatoka nje, pua inaelekea ndani ya kona, na gari linataka kujizungusha kama mbwa anayefukuza mkia wake. Hali hii ya pili ndiyo mafundi huiita kwa Kifaransa survirage. Maneno ya kutofautisha hali hizi mbili yalitiwa kazini katika miaka ya 1930 na injinia Mwingereza, Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce akaenda kufanya kazi General Motors kule Marekani.

Kinachowaua watu ni kwamba mwili wa binadamu una majibu yake, na katika hali hii majibu hayo ni mabaya. Mtu anaingia kona kwa kasi, anaogopa, anatoa mguu kwenye mafuta, au vibaya zaidi anakanyaga freni. Papo hapo uzito wa gari unahamia mbele. Magurudumu ya mbele yanashika zaidi, ya nyuma yanabaki mepesi, na mkia uliokuwa unafikiria kutoka sasa unatoka kweli. Hofu yenyewe ndiyo inayompa mkia ruhusa.

Sasa weka moteri nyuma ya gari, nyuma hata ya mhimili wa magurudumu ya nyuma. Fikiria mtu anayezungusha nyundo akiwa ameshika upande wa mti, chuma kikiwa mwisho. Ikianza kuzunguka, kuisimamisha ni kazi. Hilo ndilo gari la jirani yetu. Tena tangi la esansi la Coccinelle liko mbele, kwa hiyo kadiri safari inavyoendelea na mafuta yanavyopungua, kichwa kinazidi kuwa chepesi. Yule mzee alijua alichokuwa anafanya.

Mhimili unaobembea

Ferdinand Porsche, baba wa Coccinelle, alikuwa pia mchoraji wa gari la mashindano la Auto Union, lililoanza kukimbia mwaka wa 1934 likiwa na moteri ya silinda 16 nyuma ya mgongo wa dereva. Nguvu ilikuwa nyingi kupita uwezo wa mapine ya wakati ule, na magurudumu ya nyuma yalishikwa na mhimili unaobembea.

Jambo hili linafaa kuelezwa polepole, maana ndilo shina la matata yote. Katika mhimili wa aina hii, kila gurudumu la nyuma limefungwa mwisho wa mkono mmoja wa chuma, na mkono huo unapinda mahali pamoja tu, pale katikati karibu na sanduku la gia. Gari likiinuka nyuma, mikono inashuka na magurudumu yanalala, juu yakiachana na chini yakikaribiana, kama miguu ya mtu mwenye magoti ya nje. Kwenye kona kali, gurudumu la upande wa nje linaweza kujikunja chini ya gari na kulisukuma juu kama kriki. Pine lililokuwa limekaa barabarani kwa upana wake wote linabaki limesimama kwa ukingo. Linaachia ghafla, bila kumwambia dereva lolote.

Madereva wengi wenye sifa walishindwa kuelewana na Auto Union. Aliyeelewana nalo kuliko wote alikuwa Bernd Rosemeyer, kijana aliyetoka kwenye mashindano ya pikipiki na kuingia timu hiyo mwaka wa 1935. Hakuwa amezoea gari lingine lolote la mashindano, kwa hiyo hakuwa na mazoea ya kusahau. Mwaka wa 1936 akawa bingwa wa Ulaya. Tarehe 28 Januari 1938 alifariki akijaribu kuvunja rekodi ya kasi kwenye barabara kuu kati ya Frankfurt na Darmstadt. Mwaka huo huo timu yake ilileta gari jipya, na mhimili unaobembea ulikuwa umeachwa. Wakubwa wa mashindano walikuwa wameelewa.

Lakini magari ya watu wa kawaida hayakuachana nao. Ulikuwa rahisi kutengeneza, ulikuwa wa bei nafuu, na kwenye barabara mbovu ulifanya kazi vizuri. Coccinelle iliubeba kwa miaka mingi. Porsche 356, gari la michezo lililozaliwa mwaka wa 1948 kutokana na vifaa vya Coccinelle, liliubeba pia mpaka lilipoachwa kutengenezwa mwaka wa 1965.

Mbelgiji aliyepitia Stanleyville

Hapa historia inapita kwetu kidogo. Baada ya vita vya pili vya dunia, kijana mmoja wa Brussels, Olivier Gendebien, aliyekuwa askari wa miavuli, alikuja Kongo kufanya kazi ya misitu. Alikaa miaka kama minne. Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, alikutana na Charles Fraikin, dereva wa mashindano ya barabara ndefu aliyekuwa anatafuta mwenzake wa kukaa naye garini. Waliporudi Ubelgiji walianza kushindana pamoja. Walishika nafasi ya pili mara nyingi mpaka watu wakawapa jina la utani kwa sababu hiyo.

Mashindano waliyoyatamani zaidi yalikuwa Liège–Rome–Liège: siku na usiku bila kulala, milima ya Alpi, barabara nyembamba zenye bonde upande mmoja. Anayeijua Ngomo anaweza kuyafikiria. Mwaka wa 1955 Gendebien aliyashinda, akiwa na Pierre Stasse, kwa gari la Mercedes-Benz 300 SL, lile la milango inayofunguka juu kama mabawa.

Sasa angalieni. Moteri ya 300 SL iko mbele, si nyuma. Lakini chini yake kulikuwa na mhimili ule ule unaobembea. Magari kama 1400 ya milango ya mabawa yalitengenezwa kuanzia 1954 mpaka 1957, na wanunuzi wengi walikuwa matajiri waliolipenda kwa sura yake. Wengi waligundua tabia yake siku ya kwanza walipoogopa katikati ya kona na kutoa mguu kwenye mafuta. Gari lile halikusamehe. Gendebien alilishinda nalo mchana na usiku kwa sababu hakulifanyia jambo hilo. Kiwanda chenyewe kilikubali somo kwa namna yake: gari la wazi lililofuata mwaka wa 1957 lilikuwa na mhimili ambao mahali pake pa kupinda palishushwa chini, ili magurudumu yasijikunje kirahisi.

Baada ya ushindi ule, Enzo Ferrari alimpa Gendebien kazi. Alishinda saa 24 za Le Mans mara nne: 1958, 1960, 1961 na 1962. Ule ushindi wa 1960 aliupata pamoja na Mbelgiji mwingine, Paul Frère. Frère alikuwa mwandishi wa habari za magari, kazi yake ilikuwa kalamu, na mashindano aliyafanya pembeni ya kazi hiyo. Mwaka wa 1963 kilitoka kitabu chake juu ya uendeshaji wa mashindano, kikieleza kwa hesabu na kwa lugha ya kawaida mambo ambayo madereva wengine waliyaita kipaji.

Mikono inafanya nini

Je, madereva wasiolipwa, daktari, mwenye duka, fundi wa gari, wale waliokuja uwanjani Jumapili na Porsche waliyoiendea kazini Jumatatu, walijifunza nini?

Kwanza walijifunza kwamba ugonjwa unatibiwa kabla ya kona. Freni zinamalizwa gari likiwa bado limenyooka. Ukiingia kona, kazi ya freni imekwisha. Kisha mguu unarudi kwenye mafuta kidogo kidogo, ili uzito ukae nyuma na magurudumu ya nyuma yakandamizwe chini. Katika gari lenye moteri nyuma, kuingia polepole na kutoka kwa nguvu si woga, ni akili.

Pili, mkia ukitoka hata hivyo, usukani unageuzwa kuelekea upande ambao mkia unakwenda. Mkia ukienda kulia, usukani kulia. Macho yanaangalia mahali unapotaka kwenda, si shimo unaloliogopa, maana mikono hufuata macho. Mguu usiruke kutoka kwenye mafuta. Unabaki, au unapunguzwa taratibu kama mtu anayeweka yai mezani.

Tatu, na hapa ndipo wengi walipoumia, lazima usukani urudishwe haraka mara tu mkia unapoanza kurudi. Mkia unaorudi unakuja na nguvu. Ukiwa bado umekunja usukani upande ule, gari linarushwa upande wa pili kwa ukali zaidi kuliko mara ya kwanza. Watazamaji husema: « Alikuwa amelikamata, halafu likamponyoka. » Hapana. Lilimponyoka kwa sababu alichelewa kuliachia.

Madereva wa Porsche 356 walikuwa na namna yao. Hawakungoja mkia utoke. Walicheza na usukani kwa misukosuko midogo midogo katika kona yote, wakilifanya gari litikisike kidogo kila mara ili lisipate nafasi ya kutikisika kwa ghafla. Wajerumani waliita kitendo hicho kwa neno lenye maana ya kupangusa, kama mtu anayepangusa meza. Kiwanda nacho kiliongeza msaada: kuanzia 1960, 356 zenye nguvu zaidi zilipata springi ya kulala chini ya mhimili, kuzuia magurudumu yasijikunje pamoja.

Chuma ndani ya bampa

Mwezi wa Septemba 1963, kwenye maonyesho ya Frankfurt, Porsche ilileta gari jipya ambalo baadaye lilipewa jina la 911. Mhimili unaobembea uliachwa. Lakini moteri, sasa ya silinda 6 na nguvu za farasi 130, ilibaki pale pale nyuma. Wanunuzi wa kwanza walilipenda, na baadhi yao waliliogopa. Kwenye barabara iliyonyooka pua yake ilitangatanga, na kwenye kona mkia wake ulikuwa na mawazo yake.

Ndipo mainjinia wakafanya ile dawa ya jirani yetu. Waliweka vipande viwili vya chuma kizito, kila kimoja kama kilo 11, kwenye pembe mbili za bampa ya mbele. Ilikuwa aibu kidogo. Gari la michezo ambalo kila gramu yake ilihesabiwa linabebeshwa kilo 22 za chuma kisicho na kazi nyingine. Lakini pua ilitulia.

Dawa ya kweli ilikuja na magari ya mwaka wa 1969. Moteri haikusogezwa. Walichosogeza ni magurudumu ya nyuma, yakarudi nyuma kwa milimita 57, kutoka umbali wa milimita 2211 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma mpaka 2268. Milimita 57 ni upana wa vidole vitatu tu. Lakini kwa hivyo moteri ilining'inia nyuma kidogo zaidi kuliko lazima, badala ya nyingi zaidi. Betri moja kubwa iliondolewa, zikawekwa mbili ndogo mbele, moja kila pembe, na uzito wake ukafanya kazi ya kile chuma. Hapo ndipo ninapowaheshimu: walichukua kitu ambacho gari lilikuwa linakihitaji, wakakiweka mahali kinaposaidia.

Mwaka wa 1973 ukaja Carrera RS, na mapine ya nyuma mapana kuliko ya mbele, pamoja na kipande kilichoinuka juu ya kifuniko cha moteri kama mkia wa bata. Hewa iliyokuwa inainua mkia kwa kasi kubwa sasa haikuuinua tena kwa nguvu ile. Walikusudia kutengeneza 500 tu ili wakubaliwe mashindanoni, yalitengenezwa 1580. Kumbe wateja wasiolipwa, wale wa Jumapili, walikuwa wengi.

Lakini historia haiendi mbele tu. Mwaka wa 1974 ilionyeshwa 911 Turbo, nguvu za farasi 260. Turbo ile ilichelewa kuitikia. Dereva alikanyaga, akangoja, hakuna kitu; halafu katikati ya kona nguvu zote zikafika kwa pamoja. Akiogopa na kutoa mguu, mkia unatoka. Asipotoa, mkia unatoka vile vile. Wengine waliliita gari la kutengeneza wajane. Ilichukua mpaka mwaka wa 1993, na namna mpya kabisa ya kushika magurudumu ya nyuma, kabla 911 haijawa gari ambalo mtu wa kawaida anaweza kukosea nalo akarudi nyumbani.

Lawama ni ya nani?

Wakati Wajerumani wanaweka chuma kimya kimya, Marekani jambo hilo hilo lilifika mbele ya wabunge. General Motors ilikuwa imeleta Chevrolet Corvair kwa mwaka wa 1960: silinda 6, moteri nyuma, mhimili unaobembea. Kulikuwa na fimbo ya chuma ya mbele ambayo ingesaidia kuutuliza mkia. Iliachwa ili kupunguza gharama. Badala yake mnunuzi aliambiwa atie upepo kidogo sana mbele, pauni 15, na 26 nyuma. Kwa hesabu ya watengeneza mapine wa hapa kwetu ni karibu kilo 1 mbele na kilo 1,8 nyuma.

Kwenye karatasi dawa hiyo ni sahihi. Pine la mbele lenye upepo mdogo linashika vibaya kidogo, kwa hiyo pua inachoka kabla ya mkia. Lakini nani anasoma karatasi? Mtu wa kituo cha esansi alitia upepo sawa mbele na nyuma, kama anavyofanya kwa kila gari, na usalama wote wa Corvair ukaisha kwa dakika mbili.

Mwanasheria kijana, Ralph Nader, aliiweka Corvair katika sura ya kwanza ya kitabu chake cha mwaka wa 1965 juu ya hatari za magari ya Marekani. Kampuni iliajiri wapelelezi wamfuate. Tarehe 22 Machi 1966 mkuu wake, James Roche, aliomba msamaha mbele ya maseneta. Mwezi wa Septemba mwaka huo Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyoipa serikali nguvu ya kuweka kanuni za usalama wa magari.

Haki lazima isemwe pande zote. Wakati kitabu kinatoka, Corvair ilikuwa imekwisha kurekebishwa: mwaka wa 1964 ilipata fimbo ile ya mbele na springi ya nyuma, na mwaka wa 1965 mhimili unaobembea ukaondolewa kabisa. Na mwaka wa 1972 wakaguzi wa serikali walipoijaribu Corvair ya 1963 pamoja na magari mengine ya wakati wake, Coccinelle ikiwamo, walisema haikuwa mbaya kuliko hayo. Wengine walisoma hivyo wakasema Nader alidanganya. Mimi nasoma tofauti: mengi ya wakati ule yalikuwa na ugonjwa mmoja, na moja ndilo lililopelekwa mahakamani.

Jambo la kufurahisha ni hili. Katika kipindi hicho hicho, wakati jina la Corvair linatupwa matopeni, muuza magari wa Pennsylvania aitwaye Don Yenko, mwenyewe dereva wa mashindano, alichukua Corvair mpya 100, akaondoa kiti cha nyuma ili zikubaliwe kama magari ya michezo, akakaza springi, akaongeza nguvu, akaziita Stinger. Mwaka wa 1967 Jerry Thompson alishinda ubingwa wa Marekani wa daraja lake kwa gari hilo, katika mashindano ya madereva wasiolipwa. Gari ni lile lile la moteri nyuma. Kilichobadilika ni namna magurudumu yanavyoshikwa, na mtu aliyekubali kwamba mkia ni tatizo badala ya kumlaumu dereva.

Mpaka kwenye teksi yetu

Leo kompyuta inafanya kazi ya Rosemeyer. Kuanzia 1995 kampuni za Bosch na Mercedes zilileta kifaa kinachosikia gari linapoanza kujizungusha. Chenyewe kinakanyaga freni ya gurudumu moja, kwa kawaida la mbele upande wa nje, na kuurudisha mkia kabla dereva hajajua. Marekani ililazimisha kifaa hicho kwa magari yote madogo mapya tangu magari ya mwaka wa 2012, na Ulaya tangu Novemba 2014.

Sisi tunanunua magari ambayo wengine wamechoka nayo. Mengi yaliyoko hapa Bukavu yalitengenezwa kabla ya sheria hizo, na yale yenye kifaa hicho mara nyingi taa yake ya njano inawaka mwaka mzima. Kwa hiyo bado tuko na mikono yetu na mapine yetu.

Na hapa ndipo nilitaka kufika. Nimezunguka kwa watengeneza mapine wa mji huu, na nimeuliza swali moja: mtu akija na mapine mawili mazuri na mawili yaliyokwisha, mazuri yanawekwa wapi? Wengi walinijibu: mbele, kwa sababu mbele ndiko kuna usukani. Ni jibu linaloonekana lina akili. Nami nililiamini miaka mingi.

Ni jibu lile lile lililoua watu kwenye 300 SL na kwenye Corvair. Pine lililokwisha likiwa nyuma, siku ya mvua kwenye mteremko, gari lako la kawaida, hata lenye moteri mbele, unalifanya kuwa 911 ya mwaka wa 1964, tena bila chuma ndani ya bampa. Pua ikiteleza, dereva anaisikia kwenye usukani na kupunguza mwendo. Hilo hata mgeni analifanya bila kufundishwa. Mkia ukiteleza, inahitajika mikono ya Gendebien, na shofere wa teksi aliyelala saa nne hana mikono hiyo. Mapine mazuri yawekwe nyuma. Upepo uwe kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, si kama jicho linavyoona. Na mizigo mizito isirundikwe juu ya paa la nyuma.

Jirani yetu alifariki kitandani, mzee, baada ya kushuka Ngomo mara ambazo hata yeye hakuzihesabu. Coccinelle yake iliuzwa. Mfuko wa mchanga ulibaki nyuma ya nyumba, ukapasuka, kuku wakaogea ndani yake. Hatukujua kwamba tulikuwa tunaangalia kazi ya injinia.